Mioyo ya Kizota

Katika ghorofa ya nne ya Jengo la Mapigo, Dodoma, mioyo ilikuwa ikidunda bila miili. Ilipangwa rafuni ndani ya masanduku ya kioo yaliyojaa maji ya chumvi, kila mmoja ukiyasukuma maji hayo kwenye mirija kana kwamba una mtu wa kumhudumia. Hii ilikuwa mioyo-bandia ya majaribio. Mingine kama hiyo ilikuwa vifuani mwa maelfu ya watu nchini, nayo ilipokea programu zake kwa mawimbi kutoka jengo hilohilo.

Sekela Mwakibete ndiye aliyekuwa mhandisi wa programu hizo. Wiki ile alitakiwa kutuma toleo jipya, litakalouwezesha moyo kupunguza kasi usiku ili betri idumu. Mioyo ilikuwa ya aina tatu, kila aina na kiwanda chake. Programu moja ilipitishwa kwenye kigeuzi, mtambo wa kuifasiri katika lugha ya kila aina, kisha ikajaribiwa kwenye masanduku. Aina ya Tanga ilifaulu. Ya Mwanza nayo ikafaulu. Aina ya Kizota, kazi ya karakana ndogo iliyokwisha kufungwa, ikafeli. Asubuhi, wakati wa kuchangamka, moyo ulipunguza kasi ukaenda kulala.

Mkuu wa kitengo, Dakta Lubasi, hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba wenye mioyo ya Kizota ni wachache, na kwamba minara ya zamani ya mawimbi, ambayo programu ya sasa iliitegemea, ingezimwa mwisho wa mwezi, hivyo toleo jipya lisingeweza kusubiri. Aliona hao wachache waitwe hospitali, wapasuliwe, wawekewe aina nyingine.

"Wengine hawatastahimili kisu mara ya pili, Daktari," Sekela alisema.

"Najua. Nipe njia nyingine, nitaifuata."

Sekela akarudi mezani. Alianza na kigeuzi, maana ndicho hulaumiwa kwanza. Alikisafisha, akaifasiri programu upya. Moyo ukalala tena. Akabadilisha nyaya. Akauhamishia moyo wa Kizota kwenye sanduku la Tanga lisilo na shida, nao ukalala humohumo. Programu ni ileile, aina mbili zinaielewa, ya tatu inaelewa mambo yake. Alifika mahali akaanza kukubali kwamba hakuna njia ila kisu.

Ndipo alipoamua kuacha kuuamrisha moyo, auulize. Aliuuliza joto lake, shinikizo lake, nguvu ya betri yake. Majibu yote yalikuwa sawa. Akauuliza saa. Moyo ukajibu: tatu.

Saa ya ukutani ilionyesha 9:00. Chilewa, mwenzake wa meza ya jirani, alikuwa akitoka kwenda kunywa chai. Sekela akamwuliza ni saa ngapi.

"Saa tatu," Chilewa alijibu, akashika njia yake.

Sekela alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Mafundi wa Kizota walitaka mgonjwa akiuuliza moyo wake saa, ujibu kama watu wanavyosema. Waliuhesabisha tangu alfajiri badala ya usiku wa manane. Programu ilipoambiwa tatu, iliamini watu wote wamelala fofofo.

Dawa yake ilikuwa mistari michache tu: kabla ya jambo lolote, moyo uulizwe unaanza kuhesabu saa lini. Masanduku yote yakafaulu. Lubasi aliyatazama matokeo, akavua miwani, akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali," alisema. "Afadhali kabisa."

Wa kwanza kutumiwa toleo jipya alikuwa Bi. Ndahani, aliyekuwa mwalimu wa chekechea, mwenye moyo wa Kizota, ambaye alijitolea mwenyewe. Sekela alimpa shikamoo, akamkalisha, akamweleza kosa lilivyokuwa. Bi. Ndahani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kosa hilo halikuwemo kwenye programu ya zamani.

Sekela alitaka kusema halikuwemo, akasita. Akaifungua programu ya zamani. Haikuwa na usingizi, lakini ilikuwa na kipande cha kuuongezea moyo nguvu alfajiri ili mtu aamke vizuri. Kipande hicho kilisoma saa ileile. Nguvu za alfajiri za watu wa Kizota zilikuwa zikifika adhuhuri.

Bi. Ndahani akasimulia kwamba tangu awekewe moyo, asubuhi zilimshinda. Alisinzia mbele ya watoto. Hospitali walimwambia ni umri, mwalimu mkuu akamshauri apumzike, mwishowe akaacha kazi aliyoipenda.

"Kwa hiyo sikuwa mvivu," alisema.

"Hukuwa, mama. Nguvu zako zilikuwa zinachelewa njiani."

Bi. Ndahani aliweka mkono kifuani. Uso wake ukalegea, akatabasamu.

"Nitumie hilo jipya, mwanangu."

Alasiri toleo likatumwa kwa wote. Lubasi alipendekeza wenye mioyo ya Kizota wapelekewe taarifa fupi ya pamoja. Sekela akaomba awapigie simu mwenyewe, mmoja mmoja. Wa kwanza kupokea alikuwa mzee wa Singida. Alipokwisha kuelezwa, akamwomba asubiri amwite mkewe, halafu arudie yote tangu mwanzo.