Pwani Isiyo na Mawimbi Ilimchukua Salma Wangu

Msomaji mwenzangu, nina miaka thelathini na minne. Ni fundi cherehani hapa Nachingwea, nashona sare za shule na magauni ya harusi. Nilijaliwa watoto wawili. Mmoja yuko kaburini, mwingine yu hai, lakini kumwona lazima niombe ruhusa... Ndiyo, niombe ruhusa kumwona mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Siandiki ili mnionee huruma. Huruma nimeshapewa hadi ya kubaki. Naandika kwa sababu likizo ikikaribia nitaona tena watu wakipakia watoto kwenye magari kwenda kupunga upepo Lindi, na nikinyamaza nitakuwa nimewafanyia ubaya.

Kwanza nieleze kwetu kukoje. Katika ukoo wetu mtoto huhesabiwa upande wa mama. Mume huja kuishi kwa mkewe, hulima shamba la ukweni, na mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba wao. Mume wangu Shaibu alikuja hivyo. Mikorosho aliyokuwa akiihudumia ni ya marehemu mama yangu, na ufuta alilima kwenye ardhi yetu. Mjomba wa watoto wangu ni kaka yangu mkubwa, Bakari, anayeishi Narung'ombe, kule Ruangwa. Kaka Bakari si mkorofi. Ni mtu wa swala tano, mpole, ila akishasema amesema. Shaibu alimwogopa tangu siku ya posa.

Mwaka ule ufuta ulitukubali. Salma alikuwa na miaka minane, mdogo wake Abdu minne. Salma alikuwa hatupi nafasi ya kupumua, anataka kuiona bahari, kwa sababu mwalimu wake aliwaambia maji yake yana chumvi na yeye hakuamini. Nikamwambia baba yake tuwapeleke Lindi likizo ya mwezi wa sita. "Ila Baba Salma," nikamwambia, "tutafute penye maji tulivu. Hawa watoto bado wadogo."

Nilisema hivyo kwa nia njema kabisa. Ni mama gani asingesema hivyo?

Lindi tulifikia kwa binamu yake Shaibu. Siku ya kwanza binamu akatupeleka pwani yenye watu. Kulikuwa na akina mama wengine na watoto wao, wauza mihogo ya kukaanga, vijana wanaogelea. Mawimbi yalikuwepo, madogo tu, yanakuja kuvunjikia magotini. Abdu alilia kila yalipomgusa. Salma aliyaonja maji, akatema, akasema kumbe mwalimu hakudanganya. Tulicheka siku hiyo... Sijacheka tena hivyo.

Kesho yake binamu alikwenda kazini. Mimi nilitaka turudi palepale. Shaibu akakataa, akasema pale kuna fujo na mawimbi, mtoto analia bure. Alikuwa ameona mahali pengine karibu na mto unapoingia baharini, hakuna hata wimbi moja. Nikamuuliza mbona hakuna watu?

"Watu wanafuata muziki na chipsi, Mama Salma," akanijibu. "Sisi tumefuata utulivu. Si ndivyo ulivyotaka?"

Nikanyamaza. Tukaenda.

Na kweli palikuwa kimya. Mchanga umetandaa kama jamvi, bahari yenyewe iko mbali kabisa. Katikati palikuwa na bonde dogo lenye maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, na ng'ambo yake fungu la mchanga lililoinuka kidogo. Watoto walivuka bonde lile mbio, wakapanda kwenye fungu la mchanga.

Ninyi mliozaliwa pwani mtatucheka. Lakini sisi wa huku, mto tunaoujua ni wa mchanga. Kiangazi unakauka, tunauvuka kwa miguu, na watoto wanachimba vishimo humohumo wakachota maji ya kunywa. Hatari yake ni moja tu: siku ukiona wingu zito kule maji yanakotoka. Kwa hiyo mtu wa kwetu kabla hajamruhusu mtoto kushuka mtoni, hutazama juu. Shaibu akatazama juu. Wingu hakuna hata la dawa. Akasema, "Mbingu kavu hivi, maji yatoke wapi?" Na mimi moyo wangu, uliokuwa umesita tangu tulipotoka nyumbani kwa binamu, ukatulia. Niliona amesema neno la maana.

Shaibu akajilaza kivulini, simu sikioni, anasikiliza mpira. Mimi nikawa namenya machungwa. Kule kwenye fungu la mchanga Salma alikuwa anamfundisha mdogo wake kuchimba kishimo kama wanavyofanya nyumbani. Nilimsikia akimkataza kuyanywa yale maji, akimwambia huku hata ya kishimo yana chumvi.

Hakuna kilichovuma. Hakuna wimbi lililokuja. Nilipoinua macho, lile bonde la maji ya vifundoni lilikuwa limekuwa pana, na maji yake yalikuwa yanatembea! Bahari ilikuwa imeingia kwa kuzunguka, ikajaza katikati yetu na watoto, kimyakimya.

Niliita. Salma alitazama, akaelewa kabla yangu. Akachuchumaa, akambeba mdogo wake mgongoni kama alivyozoea tukienda shamba, akashuka majini. Yalimfika kiunoni. Kisha kifuani. Mimi sijui kuogelea, Shaibu hajui, nani angetufundisha, na wapi? Niliingia na nguo zangu. Maji yananivuta pembeni, mchanga unakimbia chini ya nyayo. Shaibu alisimama ukingoni akiita watu, na watu hawakuwepo.

Salma alinikaribia hadi urefu wa mkono. Akaniambia, "Mama, mshike Abdu." Hakulia. Nilimvuta Abdu kifuani kwangu, na Salma alipobaki mwepesi, maji yakamgeuza. Mkono mmoja umemkumbatia mtoto, mwingine unapapasa... Nilishika pindo la gauni lake, gauni nililolishona mwenyewe kwa ajili ya safari. Likaniponyoka.

Ningemwachia Abdu, ningempata Salma? Au ningewakosa wote? Nimejiuliza hadi nimechoka, na sina wa kunijibu.

Wavuvi walimtoa jioni, maji yalipopungua. Mmoja wao, mtu mzima, alimfunika kwa kikoi chake, akatuuliza kwa upole kama tulimuuliza mtu yeyote habari za maji. Akasema leo bamvua. Akatueleza kuwa kuna siku za mwezi bahari hukauka mbali sana, na siku hizohizo hurudi kwa nguvu na kujaa kuliko kawaida. Haingoji mvua. Tungemuuliza yeyote pale kijijini, hata mtoto, angetuambia tusivuke.

Salma tulimzika hapa Nachingwea. Baada ya arobaini kaka Bakari aliitisha kikao cha ukoo uani kwangu. Akamuuliza Shaibu swali moja tu, nani alichagua pale mahali.

Nilimtazama mume wangu. Kwetu, mume aliyempoteza mtoto wa watu kwa uzembe wake hana pa kukaa. Atakusanya nguo zake arudi kwao, na mikorosho ataiacha. Nilijua anaogopa, lakini sikujua anaogopa kiasi kile. Akainamisha macho, akasema, "Mama Salma ndiye aliyetaka penye maji tulivu. Mimi nilimfuata yeye."

Mume wangu! Mtu niliyelala naye msiba mzima, tukilia kwenye mkeka mmoja!

Nikasema si hivyo, mimi nilitaka turudi kwenye watu. Kaka akanigeukia. "Neno la maji tulivu ulilisema, hukulisema?" Nikasema nililisema, lakini... "Basi, mdogo wangu. Inatosha." Ningemwita nani anishuhudie? Abdu alikuwa mdogo mno, na binamu hakuwepo siku ile.

Kaka akaamua Abdu akalelewe kwake Narung'ombe mpaka atakapoona nimetulia. Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu hakuwa na ubaya. Aliamini anamlinda mtoto wa dada yake. Kama ni baba yake ndiye angeninyang'anya mtoto, ningekwenda kumshtaki kwa mjomba. Sasa mjomba mwenyewe ndiye aliyeamua, nimshtaki kwa nani? Shoga yangu alinishauri niende ustawi wa jamii. Nilifika hadi mlangoni, nikageuka. Kaka huyo ndiye aliyenilea mama alipofariki, ndiye aliyeninunulia cherehani ya kwanza. Nitampelekaje serikalini?

Shaibu alikiri, lakini kwangu mimi peke yangu, chumbani. Akasema nimsamehe, alimwogopa kaka. Nilimwomba akayaseme hayohayo Narung'ombe. Nilimpigia magoti, jamani, mimi niliyekosewa! Akaahidi atakwenda korosho zikiisha. Korosho ziliisha, akaniaga anakwenda Namungo kujaribu bahati kwenye dhahabu. Sasa ana mke huko, na simu zangu hapokei. Nilipomweleza kaka kwamba Shaibu alikiri, alinitazama kwa masikitiko, akasema mtu akishaondoka ni rahisi kumtwisha mzigo.

Hapa mtaani watu walizoea kuniita Mama Salma. Kwa kunionea huruma wakaanza kuniita Mama Abdu. Naitika.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nilimshonea suruali, na nilikosea kipimo, ilimbana, maana anakua mimi sipo. Ana miaka sita sasa, meno ya mbele yameng'oka. Jioni wifi yangu alikuwa anapika, nikamwambia aniachie leo nimwogeshe mwanangu. Nikachota maji ndooni, nikachanganya na ya moto, nikayapima kwa kiwiko, nikamwita.

Abdu alikuja hadi mlango wa bafu akasimama. Mikono nyuma, mtoto wa adabu. Akaniambia, "Mama, mjomba amesema wewe usiniogeshe."

Wifi yangu aliinamia sufuria yake. Kaka alikuwa barazani, nina hakika alisikia. Nilimpa wifi taulo, akaja kumwogesha yeye. Mimi nilikaa nje nikisikiliza maji yakimwagika na mwanangu akicheka.

Ndugu zangu, mnaopeleka watoto baharini, nawaombeni. Msidanganywe na ukimya wa maji. Pwani salama ni ile yenye watu, yenye akina mama wengine na watoto wao, hata kama ina kelele. Ulizeni wenyeji maji yanajaa saa ngapi, ulizeni kabla mtoto hajavua viatu, na msione haya kuonekana washamba. Msitazame mbinguni, majibu hayako huko. Na wewe mama, moyo ukisita, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Na wewe baba, kama ndiwe uliyechagua, siku utakapoulizwa mbele ya wakwe, sema ni wewe. Mkeo ameshazika mtoto mmoja. Usimzikishe na wa pili, naye anapumua.