Kiti cha Nyuma ya Pazia

Mashimoni nzima hakuna fundi wa kuchomelea vyuma anayenifikia. Shule niliacha darasa la saba, na waliomaliza chuo wanakalia viti vyangu.

Kwa hivyo mheshimiwa wetu alipotaka kiti, aliniita mimi. Sharti moja tu: mtu asikikalie kabla hakijafika ofisini kwake.

Nikacheka. Fundi gani hutoa kiti bila kukikalia? Utajuaje kama kinayumba? Nikakikalia, tena nikakunja nne, mguu juu ya mguu, nikajiita bosi.

Jioni nikakibeba hadi ofisini kwake, Kawangware. Nilikuwa na shida yangu pia. Nyumba ya mama ilikuwa imepigwa X nyekundu, tingatinga lije kesho. Sahihi ya mheshimiwa tu ndiyo ingelisimamisha.

"Niaje, mkubwa," nikamwambia. "Nasipwondi wa mandazi ni mamangu. Ukibomoa, atalala wapi?"

"Hakuna shida, Khaemba. Weka kiti nyuma ya pazia, mimi nitie sahihi."

Nikakiweka. Huko nyuma hakukuwa na mtu. Ukuta mtupu, bila mlango.

Akavuta barua ya kuzuia nyumba ya mama isibomolewe, akashika kalamu...

Kwiii.

Kiti kililia, kama mtu mzito ameketi. Harufu ya chuma cha moto ikajaa chumba. Kalamu ikaganda hewani.

"Nani alikikalia?" akaninong'oneza.

"Hakuna."

"Usinidanganye, kijana. Mimi husaini tu. Huyo wa nyuma ya pazia ndiye huamua. Hana sauti yake, hutumia ya aliyekalia kiti kwanza. Nilitaka mara hii aikose..."

Pazia likatikisika. Sauti ikatoka, imejaa maringo:

"Ya Nasipwondi ibomolewe."

Ilikuwa sauti yangu.

Nikararua pazia. Kiti kitupu. Mto wake umebonyea.

Kugeuka, mheshimiwa anachana barua ya mama huku akilia. Huyu ndiye tuliyempangia foleni tangu alfajiri, tukamchagua. Ningemzaba kofi, lakini ningekuwa namzaba nani?

Asubuhi tingatinga likaja. Nikasimama mbele yake.

"Toka hapo," dereva akasema, akinionyesha simu yake. "Si ni wewe umenipigia sasa hivi, ukasema nianze na ya mama yako?"

Mama alisikia. Alikuwa ameshika karai la mandazi. Mpaka leo hajaniongelesha.

Mabango ya kampeni yamerudi, sura ya mheshimiwa kila ukuta. Haya, ipigieni kura hiyo sura.

Mimi kila jioni sauti hunipotea, kama dakika tano hivi. Najua iko wapi. Sijui tu leo inabomoa kwa nani.