Jina la Tisa kwenye Programu ya Mto

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa koti lake jeupe la shule, Anahí Bentancor alifungua programu moja kwenye kompyuta na kumsomea bibi yake kina cha mto Yí. Macho ya Bibi Delmira yalikuwa yamefifia, na nyumba yao ilikuwa bondeni, ambako mto ukifurika haubishi hodi.

Programu hiyo ilitengenezwa na mafundi wanane wa manispaa kwa fedha za kodi. Ukurasa wa kwanza ulitaja majina yao, na chini yake sharti: kila mtu aitumie na kuibadilisha apendavyo, ila majina yabaki, na atakayeiboresha asiwanyime wengine.

Anahí aliiboresha kweli. Alihangaika wiki tatu mpaka ikawa inatangaza yenyewe, hata usiku, kwa sauti ya Anahí: "Mto umepanda sentimita kumi." Bibi alifurahi mno. Lakini maonyesho ya shule yalipokaribia, tamaa ikamwingia. Alifuta majina yote manane, akaandika lake, na chini yake: "Ni marufuku kunakili."

Jirani yao Yamandú, aliyesoma naye darasa moja, alikuja kuomba nakala kwa ajili ya babu yake kipofu.

"Katengeneze yako," Anahí alimjibu. Yamandú akarudi kwao mikono mitupu.

Mvua ilikuwa ikinyesha, na kama ilivyo desturi siku za mvua, Bibi alikuwa jikoni akikaanga torta, yale maandazi bapa ya unga wa ngano. Alisikia yote.

"Programu hiyo nani aliilipia?"

"Manispaa, Bibi."

"Kwani manispaa ina shamba la pesa? Nimelipa kodi ya nyumba hii miaka arobaini. Babu yake Yamandú naye kalipa. Sasa unamnyima mzee wa watu chake mwenyewe?"

Anahí aliona aibu. Papo hapo alirudisha majina yote manane, akafuta lake na ile marufuku, akavuka ua katika mvua, akamwekea Yamandú nakala kwenye kompyuta ya kwao.

Kesho yake alimweleza Mwalimu Nelba kila kitu, akiogopa kuondolewa kwenye maonyesho.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema mwalimu. "Kufuta majina ulikosa. Lakini sauti ni kazi yako. Andika jina lako chini ya yale manane. Mali ya umma ni yako kuitumia, mwanangu, si yako kuificha. Na aliyekutangulia, mtaje."

Siku ya maonyesho Anahí hakupata zawadi. Yamandú alimleta babu yake mbele ya kompyuta, akamsomea majina moja baada ya jingine. Mzee alisikiliza mpaka la tisa.

"Huyo namjua," alisema. "Sauti yake ndiyo iliyoniamsha juzi, nikawahi kuhamisha kuku wangu."