Aliyewakaimu Wageni wa Igogo

Mimi ni fundi cherehani, nimekaa Igogo miaka kumi na tisa, na jirani yangu wa mbele ni dada Paskazia, mwenye gesti. Watu husema napenda kuchungulia ya wenzangu. Sawa. Mtu akiweka cherehani barazani, afumbe macho? Haya niliyaona mwenyewe, tena mchana kweupe.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, nashona sketi za shule. Kwenye chumba cha mbele cha gesti, Revocatus, mdogo wake dada Paskazia, baba mzima wa miaka arobaini, alikuwa akizozana na watoto waliokuja kucheza gemu zake. Watoto walidai zimeharibika. Kwenye TV ya ngumi ulingo ulikuwa mtupu. Kwenye ya mbio gari lilijiendesha bila dereva. Kwenye ya tatu, ile ya mapango, mienge iliwaka bila mtu. Revocatus akazima, akawasha. Ulingo ukabaki mtupu.

Hajamaliza kulalamika, wageni watatu wakatokea upande wa ziwani. Bondia kifua wazi mwenye glovu nyekundu. Dereva mwenye helmeti kichwani. Na mwanamke wa nywele za buluu, upanga mgongoni. Begi hawakuwa nalo hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, njia yote tope, lakini viatu vyao vilikuwa safi. Hapo ndipo nilipoacha kushona.

"Raundi ya kwanza!" bondia akasema mlangoni.

"Marahaba," dada Paskazia akajibu bila kuinua macho.

Dada huyu alistaafu ukarani wa utumishi baada ya miaka thelathini na moja, na ofisi haijamtoka mpaka leo. Kwake kila mgeni hujaza kitabu: jina, kabila, atokako, aendako. Hawa walishindwa vyote. Alipowauliza wamefuata nini Mwanza, bondia akasema, "Likizo."

"Siku ngapi?"

"Ishirini na nane."

Uso wa dada Paskazia ukachangamka. Likizo kamili ya mwaka! "Na nani anakaimu nafasi zenu?"

Wakatazamana. "Hakuna."

"Hakuna? Watu wazima mnaacha kazi bila mtu? Mimi sijawahi kumruhusu yeyote hivyo, hata awe bosi." Akacheka, akashika kalamu. "Basi niwasaidie. Anakaimu Revocatus. Huyu kazi yake ni kukaa tu." Akaliandika jina, akasaini.

Revocatus naye akacheka kutoka chumbani kwake. Wageni hawakucheka. Walitia sahihi mmoja baada ya mwingine, haraka haraka, kama watu wanaoogopa kunyang'anywa kitu. Haraka ile ilinitia shaka kuliko upanga.

Siku hiyo walituchekesha, sikatai. Mwanamke alivunja mitungi miwili ya dada Paskazia, akachungulia ndani, akasikitika kukuta maji tu. Bondia alikula ugali na sato bila kuvua glovu, na kila akimeza tonge alinyanyua mikono kujishangilia. Dereva hakuweza kwenda ziwani mpaka azunguke gesti mara tatu. Watoto waliwafuata wakipiga makofi hadi kwenye mawe ya ufukweni. Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa nimeona kwamba wakisimama bila kazi, wote watatu hupumua pamoja. Vifua vinapanda. Vinashuka. Mwendo mmoja.

Jumatano saa nne asubuhi dada Paskazia akaniita kwa sauti ya chini.

"Fundi, umemwona Revo?"

Sikuwa nimemwona. Ndala zake zilikuwa chini ya kiti. Chai yake bado ilikuwa moto. TV zote tatu zilikuwa zinawaka, na Queen, binti wa jirani, alikuwa ameshika pedi ya kuchezea.

"Gemu zimepona," Queen akasema. "Mjomba yumo."

Nikatazama. Ulingoni alisimama mtu mwenye fulana nyeupe na kitambi, miguu peku. Akapigwa. Akaanguka. Akainuka kwa sababu Queen alibonyeza.

"Acha!" Dada Paskazia akampokonya pedi.

Revocatus akasimama palepale. Kifua kinapanda. Kinashuka. Pembeni pameandikwa, Maisha: 2. Kwenye TV ya mbio alikuwa yeye, ameshika usukani, anatutazama. Pangoni ni yeye, anatutazama. Mtu mmoja, kazi tatu. Midomo yake ilikuwa ikirudia neno moja, na halikuhitaji sauti. Dada. Dada.

"Zima," nikanong'ona.

"Nikizima atakwenda wapi?"

Tukamtoa Queen, tukafunga mlango, dada akabeba kitabu chake kwapani, tukaenda ziwani mbio.

Wageni walikuwa wamelala juu ya mawe wakiota jua.

"Rudini kazini," dada Paskazia akasema. "Likizo nimeifuta."

"Zimebaki siku ishirini na saba," bondia akajibu. "Ulisaini."

"Ndugu yangu atakufa mle ndani!"

"Sisi hufa kila siku," akasema mwanamke wa upanga. Hakusema kwa ubaya. Nikamwonea huruma, na huruma yangu ikanitisha.

"Mwajiri wenu ni nani? Nitakwenda kwake mwenyewe."

Hapo wakaacha kupumua, wote kwa pamoja. Dereva akainamisha kichwa.

"Hatumjui, mama. Tunasikia vidole vyake tu. Hapa, mgongoni."

Kisha bondia akasema taratibu, "Kaimu anaweza kubadilishwa."

Nikamshika dada Paskazia mkono. "Usiandike. Hawa watu siwaamini."

"Hata mimi siwaamini. Lakini ni mimi niliyemwandika, tena kwa mzaha. Mama alipofariki aliniachia mtoto mmoja wa kulea, ndiye huyo." Akafungua kitabu juu ya jiwe, akakata jina la Revocatus, akaandika lake.

Kalamu ikaanguka. Hakukuwa na aliyeishika.

Revocatus nilimkuta sakafuni, midomo imempasuka kwa kiu. Juu yake, kwenye TV tatu, alisimama dada yake. Maisha: 2. Tulizifungia pedi zote kabatini asije mtu akabonyeza, tukaunganisha betri ya gari ili umeme ukikatika TV zisizime, na Revocatus akalala mlemle siku zote. Chakula nilimpelekea mimi. Mtaani wakaanza kusema amemfanya dada yake msukule ili arithi gesti. Niliyeujua ukweli nilinyamaza. Ningeanzia wapi?

Siku ya ishirini na nane wageni waliingia chumbani mle kwa mstari, hawakusalimia, na ulingo ukapata bondia wake. Dada Paskazia akatoka jikoni akiomba maji. Revocatus alilia. Mimi pia nililia, nikamkumbatia dada mpaka akaniambia namkaba. Hakukumbuka kitu. Siku hiyohiyo Revocatus alizivunja TV kwa shoka, pedi tukazichoma moto nyuma ya gesti hadi zikawa jivu. Nikasema, basi, yamekwisha.

Jumamosi dada Paskazia akaja kwangu kushonewa gauni la kanisani. Nikamfungua zipu nimpime mgongo. Chini ya mabega palikuwa na alama mbili, ndogo, kama umebonyeza unga wa maandazi uliokandwa kwa dole gumba.

"Panauma hapa, dada?"

"Wapi?"

Alama ya kushoto ikazama mbele ya macho yangu. Ikarudi. Ya kulia ikazama, ikakaa.

Mguu wake ukapiga hatua kuelekea mlangoni. Mwingine ukafuata. Futi yangu ya kupimia ikamteleza shingoni, ikaanguka.

"Dada, unakwenda wapi? Sijamaliza."

Akageuza shingo kunitazama, macho yamejaa machozi, miguu bado inatembea.

"Siendi, fundi," akanong'ona. "Napelekwa."