Tela la Mama Ritha

Rafiki yangu Theodory alikuwa fundi umeme hapa Babati, na si mtu wa kuongopa. Siku hizi vifaa vyake vyote kaviuza.

Siku moja mchana aliitwa kijijini Bonga, kwa Mama Ritha, mjane wa marehemu Apolinary aliyemfundisha ufundi. Mama huyo hana pa kuishi ila tela la kulala watalii aliloachiwa na mumewe, lenye sola juu ya paa. Tela hilo ndilo lililompiga shoti Apolinary akafa, na lilikuwa bado linapiga.

"Nitashusha umeme ardhini, mama. Litatulia."

Akapigilia nondo ya shaba ardhini mpaka ikabaki shubiri moja juu, akaifungia waya kutoka kwenye bodi ya tela kama alivyofundishwa na marehemu: mizunguko saba, mkia ukunjwe kushoto. Akagusa bodi. Likampiga hadi begani.

Akafunika paneli kwa blanketi, akatoa betri nje. Lakini mle ndani ya tela, gizani, bado ulisikika mvumo, mzito kama wa nyuki ukutani.

"Imekubali, fundi?" Mama Ritha aliuliza, godoro lake likiwa kichwani, tayari kulirudisha ndani.

Theodory aliufungua waya kwenye nondo ili aihamishe, akaing'oa kwa shida. Ncha ya chini ilipotokeza, ilikuwa imefungwa waya ambao hakuufunga yeye: mizunguko saba, mkia umekunjwa kushoto. Waya huo uliingia shimoni, na ulikuwa unavutwa taratibu kurudi chini.