Marahaba ya Mwalimu Makarius

Mwalimu Makarius alikuwa jirani wa mama yangu mkubwa pale Zombo, mwaka 1975, watu wa milimani walipokuwa wameshashushwa kwenye kijiji cha Ujamaa. Alikuwa mtu wa vitabu, mbishi kidogo. Mkewe, Generoza, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza ziliharibika, kwa hiyo hii waliitunza kama yai.

Jumamosi moja, baada ya chai na viazi vitamu, Makarius alichukua daftari akamfuata Donati, mzaliwa wa mlimani, ampeleke akachore magofu ya kale kwa ajili ya somo la historia. Donati alikubali kwa shingo upande. Njia yenyewe wachache waliijua, na ilikuwa imesimama kama ngazi. Mahali pengine walipanda kwa kushika mizizi.

"Mwalimu," Donati alisema walipopumzika, "huko juu kuna watoto. Zamani, wakati wa njaa, wazee walihama wakawaacha watoto wasioweza mwendo mrefu. Wakikuamkia, usiitikie. Ukiitikia, umekubali kuwa baba yao."

Makarius alicheka mpaka akakohoa. "Donati bwana! Na kisomo chote kile cha watu wazima?"

Juu kulipendeza kweli. Kuta za mawe zilizunguka kilima, zimemezwa na magugu, na bonde lote lilionekana hadi upande wa Mikumi. Donati alibaki nje ya ukuta. Makarius aliketi kwenye jiwe, akachora. Saa sita ikafika. Ndege wakanyamaza.

"Shikamoo, baba."

Sauti ya mtoto. Nyuma yake, karibu kabisa. Na mwalimu huamkiwa mara mia kwa siku; mdomo ulitangulia akili.

"Marahaba."

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Donati alikuwa ameshika kichwa. "Umeitikia," alinong'ona. "Mwalimu, umeitikia."

Walishuka. Makarius alisikia hatua za Donati. Zake. Na nyingine ndogo, za pekupeku, nyuma yake. Hakugeuka. Waliachana na Donati njia panda, zile ndogo zikamfuata yeye. Zilikoma mlangoni kwake.

Generoza alikuwa mkekani, macho yamemvimba kwa kulia, mikono tumboni.

"Mtoto alikuwa ametulia tangu saa sita," alisema. "Nilijua tumempoteza. Ulipofika tu mlangoni, akapiga teke."

Alikuwa anacheka kwa furaha. Makarius alitoka nje akatazama kule mlimani.

Mama mkubwa ndiye aliyemzalisha. Mtoto wa kiume, mzima, hakulia. Akamwogesha, akafika miguuni. Nyayo za kichanga kile zilikuwa ngumu, zimepasuka, na ndani ya mipasuko kulikuwa na udongo mwekundu. Alibadilisha maji mara tatu. Udongo haukutoka.

Walimwita Urbanus. Alipoanza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa salamu, na Makarius aliijua sauti ile.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Asubuhi zote za miaka yote, hakuitikia. Majirani walimwona katili, na Generoza alilia mpaka akachoka, akabaki kukung'uta udongo mwekundu uliolala kila siku kwenye shuka la mwanawe. Makarius hakuwahi kumwambia kwamba mtoto wao wenyewe, yule wa kabla ya saa sita, alibaki kule juu kwenye mawe, anangoja mtu wa kuitikia shikamoo yake.