Alichosikia Ndani ya Maji

Walikutana kwenye foleni ya duka la dawa, watu wamebanana, jua linachoma. Mshonaji alivaa gauni la maua alilolishona mwenyewe, mtoto mgongoni. Mbele yake, shati halijapigwa pasi, alisimama mumewe, fundi redio, ambaye kwa mwezi wa tatu sasa alikuwa akilala kwa kaka yake.

"Umekonda, mpenzi," mshonaji akamtania. "Shemeji yako hakulishi?"

"Nakula. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Tunakungoja."

Mume akasogea hatua moja mbele na foleni.

Mtoto wao alizaliwa ndani ya maji. Mkunga alimruhusu mume aingie na kaptura kwenye beseni kubwa la kujifungulia, amkumbatie mkewe kwa nyuma. Maji ya vuguvugu yakamlegeza mshonaji, na mtoto alipokuwa akishuka likamjia jambo ambalo hakuna shangazi aliyewahi kumdokezea: raha. Raha ileile ya chumbani, tena kubwa zaidi. Akalia kwa sauti, wala hakuona haya. Wiki kadhaa baadaye, mume aliponyoosha mkono kitandani, akamsimulia yote, masikini, akidhani anampa zawadi.

"Kubwa kuliko ukiwa na mimi?"

"Kuliko siku zote."

Mkono ukarudi ulikotoka. Asubuhi mume akafungasha nguo.

"Lakini nilikuwa mikononi mwako," mshonaji alinong'ona sasa. "Bila wewe nisingelegea. Rudi, tuitafute wote raha ile."

"Tutafute nini, mama? Ukilia vile, nitajua unaniigizia. Usipolia, nitajua sikufikii. Nifanyeje?"

Muuza dawa akaita anayefuata. Mume akanunua dawa yake, akamshika mtoto mguu kidogo, akatoka.

Mshonaji akaiacha foleni. Alipofika barabarani mume alikuwa keshapotea kwenye watu, akampigia simu.

"Mume wangu, nisikilize. Usiku ule kitandani nilikutania tu. Hakukuwa na raha yoyote, yalikuwa maumivu matupu."

Mume akasema taratibu, bila hasira:

"Nilikuwa nimekushika. Mwili wako niliusikia wote. Siku zote umeniambia kweli, mke wangu, usianze kunidanganya leo."

Simu ikakatwa. Mshonaji akalia palepale njiani, watu wakimpita, maana sasa mume ameshamsikia akiigiza, naye alijua harudi tena.